Ndani ya Kasha

Ukumbi wa skuli, Wete. Jenereta linakohoa
kama mzee wa pumu,
nasi twacheza mchezo wa zamani,
ule baba zetu walioucheza kwa kandili:
marafiki wawili, mjane mmoja,
barua iliyopotea njia,
na kasha.

Shaame alipewa Bwana Kiboga, mwenye bakora na maneno.
Miye nikapewa sahibu yake, mwenye kijicho,
anayeingia kashani onyesho la pili
asitoke mpaka watu wachoke kucheka.
Bi Mkasi, aliyetufunza kwa rula ya hesabu,
alinambia, "Wewe huhitaji kuigiza sana."
Sikumuuliza kwa nini.

Tulizaliwa ukuta mmoja, miye na Shaame.
Tulitiwa jando siku moja, tukalia sauti moja.
Viatu vyake vya Idi nilivivaa Idi ya pili.
Lakini mazoezini, akitokeza pua tu,
kabla hajafungua kinywa,
watoto wameshaanguka mikekani.
Miye natamka maneno kumi, yana vina, yana mizani,
nasikia kikohozi,
na mtu akiuliza saa ngapi.

Wivu wangu ungekuwa simba nisingeona haya.
Ulikuwa chawa ndani ya kofia ya kuazima:
najikuna, watu wadhani nawaza.

Basi nikapanga. Bwana Kiboga hugonga kasha,
huuliza, "Nani humo?"
nami hujibu, "Nguo za marehemu, bwana,"
hapo ndipo ukumbi humwangukia miguuni.
Nikasema: usiku wenyewe, sijibu.
Agonge mpaka bakora ivunjike.

Usiku wenyewe ukaja.
Kashani mnanuka nafthalini na panya wa juzi.
Kwenye tundu la ufunguo naona mguu mmoja wa Shaame
na ncha ya bakora.

Akagonga. "Nani humo?"
Nikanyamaza.
Akagonga tena. Nikanyamaza, nikauonja utamu,
na utamu ule ulikuwa na ladha ya msumari.

Mara ya tatu hakugonga.
Aliuegemea mfuniko, akawageukia watu
alete lile shairi ambalo Wete nzima inalijua nusu.
"Rafiki..." akasema.
Akameza mate.
"Rafiki..."
Na mguu ule, ule mguu, ukatetemeka
kama alfajiri ya jando.

Kinywa changu hakikuniuliza:

*Rafiki si kanzu mpya, ivaliwe Ijumaa,
ikichafuka begani, ikatupwe kwenye jaa!*

Kasha linaghani! Ukumbi ukapasuka.
Bwana mkubwa wa mbele akajimwagia soda.
Mwanamke mmoja akapiga ukelele kutoka nyuma,
"Hilo kasha lina adabu kuliko mume wangu!"

Shaame akainama pole pole, akatega sikio mfunikoni,
akauliza jambo lisiloandikwa popote:
"Na hapo begani pana nini?"
"Pana mkono wako, bwana," nikasema.
"Uondoe, nataka kutoka."

Baadaye, vidatuni nyuma ya ukumbi,
masharubu ya masizi yamemvujia mpaka kidevuni,
halua imetandazwa juu ya gazeti.
Nikaanza, "Shaame, kile kimya changu..."
Akanishindilia tonge la halua.
"Wadhani nilisahau weye?
Shairi lile nalijua tangu sina meno.
Nilikuona umekonda mazoezini."

Kisha akacheka,
na kicheko chake hakikunambia lipi kweli:
alisahau, nikamwokoa,
au alijifungia mlango wake
ili anifungulie wangu.

Siku hizi yuko Mkoani, auza vipuri vya vespa.
Nikimpigia simu sisemi salamu;
nagonga meza mara tatu karibu na kinywa cha simu.

"Nani humo?" auliza.

Nangoja kidogo. Chawa hafi kwa siku moja.
Kisha najibu.